Ndiva: Bwawa la usiku linalolisha mashamba ya Upare

MSAFIRI apitaye barabara kuu ya Arusha kwenda Dar es Salaam huuona mji wa Same ukiwa katikati ya vichaka vya miiba. Si rahisi kuamini kwamba juu ya milima iliyo kando yake kuna migomba, kahawa na vijito, na kwamba Wapare wamekuwa wakigawana maji ya vijito hivyo kwa utaratibu maalumu tangu kabla ya ujio wa wakoloni.

Kitovu cha utaratibu huo ni ndiva, yaani bwawa dogo linalochimbwa kwenye mteremko na kuwekewa ukingo wa mawe na udongo.

Wakati wa kiangazi kijito cha mlimani huwa chembamba. Maji yake yakiachwa yatiririke mferejini, hunywewa na udongo kabla ya kufika shamba la mbali. Kwa sababu hiyo, huelekezwa ndivani jioni na kukusanywa usiku kucha. Asubuhi bwawa hufunguliwa, na maji hutoka kwa nguvu ya kutosha kufika mbali. Wenye zamu siku hiyo huwa wanayasubiri shambani, jembe mkononi.

Hapo zamani ndiva zilikuwa mali ya koo zilizozichimba. Baada ya uhuru, nyingi ziliwekwa chini ya kamati za watumiaji, ambazo hupanga zamu na kuamua migogoro. Kuanzia miaka ya 1990, baadhi zilijengewa kwa saruji ili kupunguza uvujaji.

Hata hivyo, saruji haiondoi tope. Ndiva hujaa mchanga, na mifereji huziba kwa majani. Kazi ya kuisafisha hufanywa kwa msaragambo, ambao ni utamaduni wa Wapare wa kufanya kazi kwa pamoja bila ujira. Kwa njia hiyo hiyo zimejengwa barabara na shule nyingi za Upare. Asiyefika kwenye kazi hutozwa faini, na anaweza kukosa zamu yake ya maji.

Aidha, mila zililinda misitu. Mpungi, msitu wa matambiko ya ukoo, na mshitu, msitu wa jando, ilikuwa haikatwi miti ovyo, na hivyo baadhi ya vyanzo vya maji vikapata kivuli.

Umuhimu wa maelewano huonekana zaidi katika bonde la Makanya, wilayani Same. Vudee iko juu, Bangalala katikati na Makanya chini kabisa. Wakulima wa Vudee wakifungulia maji yote, ndiva za Bangalala hubaki tupu. Makanya kwa kawaida hutegemea mafuriko yanayoteremka mtoni baada ya mvua kubwa. Kwa familia ya tambarare, zamu moja ikikosekana mahindi yakiwa yanachanua, yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kuvuna na kununua chakula. Mahindi hayo na maharage ndiyo makande, chakula ambacho Wapare wanajulikana nacho nchini kote.

Siku hizi ndiva inakutana na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka matumizi kama hayo ya maji yawe na kibali, na inatambua jumuiya za watumia maji. Kwa upande wa Same, mamlaka husika ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Tofauti ni kwamba kibali hutaja kiasi cha maji, ilhali mila hugawa muda. Kijito kinapopungua, kiasi kilichoandikwa hakipatikani tena, lakini zamu bado yaweza kugawanywa, kila mmoja akapata kidogo kilichopo. Ndiyo maana kibali pekee hakitoshi. Bado panahitajika watu wa juu watakaokubali kufunga mfereji wao ili wa chini nao wanyweshe.