Mazombi, hakimiliki, na yule maiti aliyeokota jiwe

Najua niliwaahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata, lakini itabidi ingoje kidogo. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu Ijumaa na nisipoliandika sitalala.

Ijumaa hiyo seva yetu ya ofisini ilianza kusuasua. Nilipofungua orodha ya prosesi nikakuta kadhaa zimewekewa herufi Z. Wale mnaotumia Linux mnajua maana yake: zombi. Kwa wasiojua, katika mifumo ya Unix prosesi moja huzaa nyingine. Mtoto akimaliza kazi yake hufa, lakini nambari yake hubaki kwenye jedwali mpaka mzazi aje asome alivyokufa. Mzazi mzembe asipokuja, mtoto anabaki pale pale. Hafanyi kazi, na wala huwezi kumwua kwa sababu kashakufa. Hata amri ya kill -9 haimtingishi. Dawa ni kumshughulikia mzazi.

Basi kijana mmoja tunayefanya naye kazi akachungulia skrini yangu akasema, "Hao ndio mazombi halisi. Wanakaa tu, hawakimbii." Mwenzake wa meza ya pili akadakia: "Mzee, zombi asiyekimbia si zombi. Huyo ni babu anayetafuta matatu." Hapo kazi ikaisha. Chai ikapoa, seva ikasahaulika, na ofisi ikagawanyika vyama viwili, wa polepole na wa mbio.

Mimi ni wa polepole, tena wa siku nyingi. Nikasimama kama wakili na kutangaza kwamba George Romero, aliyetuletea zombi tunayemjua leo, hakuwahi kumruhusu hata mmoja akimbie. Wikendi hiyo nikaitazama tena filamu yake ya kwanza, Night of the Living Dead ya mwaka 1968, ili nije Jumatatu na ushahidi. Nikaaibika peke yangu sebuleni.

Dakika za mwanzo tu, makaburini, maiti wa kwanza kabisa anamfukuza dada mmoja anayeitwa Barbra. Hakokoti miguu. Anakwenda mbio za kuchechemea, na dada alipojifungia garini, yule maiti anaokota jiwe na kuvunja kioo cha dirisha. Jiwe! Zombi anayetumia zana! Baadaye mtoto mdogo aliyekufa na kufufuka anamwua mama yake kwa mwiko wa bustani. Zile sheria nilizokuwa nikizitetea kwa miaka hazimo, au zimo nusunusu. Hata neno zombi halitamkwi popote katika filamu hiyo.

Nikajiuliza, kama hazikuanzia hapo, zilitoka wapi?

Neno lenyewe lilivuka bahari kwenye merikebu za watumwa. Wanaisimu wengi huliunganisha na lugha za Kongo na Angola: nzambi ya Kikongo, ambalo ni jina la Mungu, au nzumbi ya Kimbundu, roho ya marehemu. Katika koloni la Wafaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, kulikuwa na watumwa karibu nusu milioni kabla ya mapinduzi ya 1791, na wengi wao walizaliwa Afrika. Kazi kubwa ilikuwa mashamba ya miwa, na miwa ilikuwa ikiwaua haraka kuliko walivyoweza kuzaana. Mtu akifa, angalau amepumzika. Zombi wa Haiti ni yule aliyenyimwa hata pumziko hilo: kafa, kafufuliwa na mchawi, karudishwa shambani.

Marekani iliikalia Haiti kijeshi kuanzia 1915 hadi 1934. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1929, msafiri mmoja wa Kimarekani, William Seabrook, alichapisha kitabu kiitwacho The Magic Island, chenye masimulizi ya maiti wanaolima miwa ya kampuni ya sukari ya Kimarekani. Miaka mitatu baadaye ikatoka White Zombie, akiigiza Bela Lugosi, na huwa inahesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya mazombi. Ni filamu ya kizamani, waigizaji wanatumbua macho kupita kiasi. Lakini kuna sehemu moja ndani ya kinu cha sukari. Mazombi wanazungusha kinu, mmoja anajikwaa na kutumbukia ndani, na wenzake hawageuki. Kinu kinaendelea kuzunguka. Hakuna damu hata tone. Nimeona filamu zenye vichwa vinavyopasuka kama matikiti na hazijanitia baridi namna ile.

Niliwasimulia wenzangu sehemu hii. Dada mmoja wa idara ya hesabu, mzaliwa wa Mwanza, ambaye mpaka hapo alikuwa akitucheka, akaweka kikombe chini. Akasema, "Kaka, huyo kwetu ni msukule." Akatueleza imani aliyokua nayo: mtu anazikwa, watu wanalia, matanga yanaisha, kumbe mchawi amemchukua, na usiku analimishwa shamba la mwenye kumchukua. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelijibu. Sisi tunabishana kama zombi atatufikia au hatatufikia. Bibi yake hakuogopa kuliwa na msukule. Aliogopa kufanywa msukule.

Ndipo nikaona Romero alibadilisha nini hasa. Alimwondoa bwana. Zombi wa Haiti ana mwenyewe, msukule ana mwenyewe, wa Lugosi wana mwenyewe. Wa Romero hawana anayewatuma. Wana njaa tu, na ni wengi. Wazo la jeshi linalozingira nyumba alikiri mwenyewe kulitoa kwenye riwaya ya Richard Matheson, I Am Legend ya 1954, ambayo inahusu wanyonya damu. Kwa lugha yetu ya ufundi, alichukua msimbo wa mwenzake na kuuandika upya.

Filamu ilitengenezwa karibu na Pittsburgh na vijana waliokuwa wakiishi kwa kupiga matangazo ya biashara. Watu kumi walianza kwa kuchanga dola 600 kila mmoja, na mwisho wa yote ikagharimu kama dola 114,000. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, kwani kwenye filamu nyeusi na nyeupe nani atajua? Jina la kwanza lilikuwa Night of the Flesh Eaters. Msambazaji akalibadilisha, maana tayari kulikuwa na filamu ya jina la kukaribiana. Na hapa, wanaprogramu wenzangu, sogezeni viti.

Sheria ya Marekani ya wakati huo, ya mwaka 1909, ilitaka kila nakala inayotolewa kwa umma iwe na ilani ya hakimiliki: ile alama ya c ndani ya duara, mwaka na jina la mwenyewe. Ilani ya filamu hii ilikuwa kwenye fremu moja na jina lake la zamani. Walipobandika jina jipya, ilani ikaenda na la zamani. Hakuna aliyeshtuka. Filamu ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Oktoba 1968, na tangu hapo ikawa mali ya umma. Mstari mmoja tu! Sote tumewahi kufuta mstari mmoja tukidhani haufanyi kazi. Sharti hilo la ilani liliondolewa Marekani mwaka 1989, miaka zaidi ya ishirini baada ya kuwatafuna hawa vijana.

Filamu iliingiza mamilioni ya dola, na sehemu kubwa haikuwafikia. Kila mwenye jumba la sinema, kila kituo cha runinga, na baadaye kila muuza kanda za video, aliweza kuitumia bila kumwomba mtu. Ndiyo maana iliingia kila mahali, na kila aliyeiona akajua anaweza kuiga pia. Haikuwa na mlinzi. Sheria zile za zombi (piga kichwani, akikuuma umekwisha, usiwaache wajae) hazikutungwa na mtu mmoja siku moja. Zilichujwa na waigaji wengi, kila mmoja akibakiza kilichofanya kazi na kutupa kisichofanya. Yule maiti mwenye jiwe alitupwa. Wanaotumia programu huria watautambua utaratibu huu, ila tofauti ni kwamba mwandishi wa programu huria huchagua mwenyewe leseni yake. Romero hakuchagua. Mimi nafaidika na hasara yake kila ninapoitazama bure, na sijui niseme nini kuhusu hilo. Mwaka 1990 walijaribu kuitengeneza upya kwa rangi, sababu mojawapo ikiwa ni hiyo hiyo ya kurudisha angalau kitu mfukoni.

Turudi kwenye ubishi wa mbio. Chama cha mbio hupenda kuanzia 28 Days Later ya Danny Boyle, ya 2002, ingawa mazombi walikuwa wakikimbia tangu 1985 katika The Return of the Living Dead (ndiko pia lilikotoka lile jambo la kula ubongo). Wapinzani hujibu kwamba wale wa Boyle si maiti, ni wagonjwa walio hai. Ni kweli, na haisaidii kitu, kwa sababu miaka miwili baadaye Zack Snyder alitengeneza upya Dawn of the Dead na maiti wake wakatimka kama wanariadha wa Iten. Mwaka 2008 mwigizaji Simon Pegg wa Shaun of the Dead aliandika gazetini Uingereza akiteta: kifo kinamdhoofisha mtu, hakimpi nguvu mpya. Nilikuwa nikiitumia hoja hiyo kama aya.

Kinachonifurahisha zaidi katika ile ya Boyle ni kamera. Walitumia Canon XL1, kamera ndogo za kidijitali zenye picha ya ubora duni ukilinganisha na filamu. Kwa kuwa ni nyepesi na zinafungwa haraka, waliweza kusimamisha mitaa ya London alfajiri kwa dakika chache tu na kupiga picha jiji likiwa tupu. Ule mchangamchanga wa picha unaoifanya ionekane kama taarifa ya habari ni mipaka ya mashine. Na ilipotoka 28 Years Later mwaka 2025, Boyle alipiga sehemu kubwa kwa simu za iPhone.

Kwa hiyo polepole au mbio? Wa polepole wanakupa muda wa kubishana, na wa mbio wanakunyima. Hilo ndilo ninaloliona mimi, na ndiyo sababu nabaki chama changu hata bila ushahidi wa jiwe. Lakini nakubali kwamba Train to Busan ya Korea Kusini (2016) ilinishinda. Mazombi wake wanakimbia kweli kweli, ila mwelekezi aliwawekea sharti moja: gizani hawaoni. Treni inapoingia kwenye handaki, wanazubaa. Mtazamaji anaanza kuhesabu mahandaki pamoja na abiria. Sharti hilo halivunjwi pale mhusika anapohitaji kuokolewa, na mimi hilo tu ndilo ninalodai kwa msimulizi yeyote.

Sasa kuhusu kubishana. Katika ile ya 1968, watu saba wanajikuta katika nyumba ya shambani. Ben, mhusika mkuu, aliyeigizwa na Duane Jones, mtu mweusi, anataka wabaki ghorofa ya chini waizibe milango kwa mbao. Bwana Cooper, mzungu mwenye kiburi na ghadhabu, anataka wote wajifungie chumba cha chini ya ardhi. Nimeitazama filamu hii labda mara kumi, na mara zote nilikuwa upande wa Ben, kwa sababu Cooper hapendeki. Safari hii nilifuatilia kama anayekagua msimbo, hatua kwa hatua. Mpango wa Ben wa kwenda kutia mafuta gari unaua vijana wawili. Mbao zake zinavunjwa. Mwishowe anayenusurika usiku ule ni Ben peke yake, na ananusurika kwa kujifungia chumba kile kile cha chini. Cooper alikuwa amesema kweli, ila hakuna aliyeweza kumsikiliza, na yeye mwenyewe ndiye aliyehakikisha hivyo.

Asubuhi Ben anapanda juu akisikia watu. Ni kundi la wazungu wenye bunduki wanaosaka maiti. Wanamwona dirishani na kumpiga risasi ya kichwa, kisha picha zinaonyesha wakimburuta kwa ndoano hadi kwenye moto. Romero alisema Jones alipewa nafasi kwa kuwa alifanya majaribio vizuri kuliko wengine, basi. Lakini usiku wa tarehe 4 Aprili 1968, akiwa barabarani kuelekea New York kutafuta msambazaji, filamu ikiwa ndani ya gari, alisikia redioni kwamba Martin Luther King ameuawa Memphis.

Yule kijana wa chama cha mbio hajawahi kuiona. Anasema hatazami filamu isiyo na rangi. Nimeipakua, iko kwenye flashi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nitampa mtu nakala ya muvi bila kuvunja sheria yoyote. Dada wa hesabu naye ameomba ile ya kinu cha sukari. Seva niliirekebisha Jumamosi. Mzazi alikuwa programu niliyoiandika mwenyewe mwaka jana, na nilisahau kuita wait.