Ayeeyo aliniuliza: nani amewaita huko uwanjani?

Wasee, niliposema nyumbani Garissa kwamba naenda Iten kuruka mlimani na parachuti, wote walicheka. Ayeeyo hakucheka. Nilimweleza polepole: watu hukusanyika kwenye uwanja mdogo ukingoni mwa mlima, wanangoja upepo, halafu wanaruka mmoja mmoja. Akaniangalia. "Uwanja? Nani amewaita?"

Ayeeyo ni mtu wa Wajir. Shikilia hiyo, nitairudia.

Sasa Iten. Garissa yetu iko kama mita 150 tu juu ya bahari, tambarare mpaka macho yachoke. Iten iko zaidi ya mita 2,000, na mbele yake ukingo wa Elgeyo unaporomoka hadi Bonde la Kerio. Kuanzia Januari hadi Machi marubani hutoka hadi Ulaya kuja hapa, kwa sababu jua linachemsha bonde, hewa ya joto inapanda, na upepo wa mashariki unagonga ukingo na kukubeba juu. Yaani upepo ule ule wa kiangazi unaotupaka vumbi sisi huku, wao wanaulipia nauli ya ndege!

Mimi bado mwanafunzi, kwa hivyo nilifungwa mikanda mbele ya rubani mzoefu. Hatua nne, tano, ardhi ikaisha. Walahi nilisahau hata kurekodi. Chini mashamba na miti ya migunga, ng'ambo milima ya Tugen, na kimya ambacho sijawahi kusikia.

Jioni tukakaa na marubani wengine, chai na stori. Mmoja akasimulia mchezo huu ulivyoshika kasi: mwaka 1978, huko Mieussy, Ufaransa, wanaparachuti watatu walichoka kulipia ndege. Wakatandaza parachuti kwenye mteremko, wakakimbia, wakapaa. Basi. Hakuna aliyewauliza kitambulisho.

Hapo ndipo kichwa changu kilirudi nyumbani. Mwaka 1978 sisi tulikuwa wapi?

Tulikuwa chini ya sheria za hali ya hatari. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe 28 mwezi huo huo, hali ya hatari ikatangazwa kwetu kwa sababu ya vita vya Shifta. Vita viliisha 1967, lakini zile sheria zilikaa hadi 1991. Hesabu mwenyewe. Watu wetu walizaliwa, wakaoa, wakazaa, bado askari anaweza kumkamata mtu bila maswali. Ndiyo maana mpaka leo mzee akivuka daraja la Tana anasema "naenda Kenya."

Na sasa uwanja wa Ayeeyo. Februari 1984, wanajeshi na polisi walikusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Ilisemekana ni msako wa bunduki. Walivuliwa nguo, wakalazwa juani siku kadhaa bila chakula, bila maji. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilikadiria karibu 1,000. Annalena Tonelli, Muitaliano aliyekuwa akihudumia wagonjwa Wajir, alisaidia majeruhi na kufanya dunia ijue.

Kwa hivyo mimi nikisikia "uwanja wa kurukia" naona selfi. Ayeeyo anaona wanaume walioitwa wakaenda, na hawakurudi.

Najua kuna watakaoniambia, "Acha kufukua makaburi, wewe furahia maisha." Sikilizeni, nimefurahia sana, na nitarudi. Lakini kukimbia kuelekea ukingoni ukiamini kwamba hewa itakubeba, na kwamba hakuna anayekungoja chini na bunduki, hiyo ni raha ya raia huru. Bibi na babu zetu hawakuipata. Nikiifaidi bila kujua ilichelewa kutufikia kwa sababu gani, nitakuwa nimepanda mita elfu na bado sijaona kitu.

Niliporudi nilimwonyesha Ayeeyo video ambayo rubani alichukua. Aliitazama mara mbili, kidole kwenye kioo cha simu. Swali lake lilikuwa moja tu.

"Huko uwanjani, waliwapa maji?"

Nikamwambia, "Walitupa, Ayeeyo. Kila mtu chupa yake."

Akasema alhamdulillahi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu akaanza kunisimulia habari za 1984.

Kama una mzee wa Wajir au Garissa nyumbani, kaa naye leo. Weka simu chini. Muulize.