Nani Aliyewasha, Nani Aliyezima? Historia Fupi ya Televisheni na Habari Zake Nchini Tanzania

Utangulizi

Asubuhi ya tarehe 1 Januari 2013 baba yangu aliwasha televisheni akakuta chenga tupu. Nilikuwa na miaka tisa, tunaishi Dar es Salaam katika nyumba ya kupanga, na TV yetu ilikuwa ya chogo. Baba akaipiga kofi mgongoni kama ilivyokuwa desturi. Wapi! Akatoka nje kuzungusha mti wa antena, na mimi nikabaki dirishani nikipiga kelele, "Bado! Bado!" Jirani mmoja akamwonea huruma. "Baba Neema, usijisumbue bwana. TV yako haijaharibika, wameizima." Baba akauliza, "Wameizima akina nani? Kwani si mimi niliyeinunua?"

Swali lile halikujibiwa siku ile. Kwa maoni yangu, ndilo swali ambalo mwanafunzi wa fasihi anapaswa kuliuliza kila asomapo habari ya teknolojia. Tukipewa riwaya tunauliza mara moja: mhusika mkuu ni nani, msimulizi yuko upande gani, na nani katajwa tu pasipo kupewa nafasi ya kusema. Lakini tukipewa habari ya mtambo mpya tunapiga makofi. Makala hii inakusudia kuisoma historia ya televisheni nchini Tanzania kwa maswali hayohayo. Hoja yetu ni hii: tangu miaka ya 1970 serikali imeufunga mlango wa teknolojia na kuufungua kwa nyakati mbalimbali, tena kwa sababu zinazopingana, lakini ufunguo haukuwahi kubadili mkono. Na kila mara msimulizi alitumia jina la mnyonge bila kumwuliza mnyonge mwenyewe.

Visiwani rangi, Bara giza

Kenya ilianza kuwa na televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Sisi tulikuwa na kioja chetu. Mwaka 1973 Zanzibar ilianzisha televisheni, tena ya rangi, ikazitangulia nchi nyingi sana za Afrika, ilhali Tanzania Bara haikuwa hata na ile ya nyeusi na nyeupe. Nchi moja, bendera moja, lakini upande mmoja una picha na upande wa pili una redio tu.

Habari ya Zanzibar kuwa mbele husimuliwa mpaka leo kwa fahari, na fahari hiyo ina haki yake. Lakini tuisome vizuri. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 mchele, sukari na unga wa ngano vilikuwa vya mgao Visiwani. Watu walipanga foleni. Fedha za karafuu zilikuwepo, lakini mkulima wa karafuu hakuwa na mnunuzi mwingine ila serikali, na bei ilipangwa na serikali hiyohiyo. Sisemi kwamba televisheni ilikuwa kosa. Nasema kwamba nyuma ya hadithi ya "sisi wa kwanza" kulikuwa na foleni, na foleni ile haikuonekana kwenye picha, hata ikawa na rangi kiasi gani.

Upande wa Bara msimulizi alichagua hadithi ya kinyume. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matumaini yalikuwa makubwa, mapato yake yakawa vurugu za hesabu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vinavyofanana navyo, televisheni zikiwemo. Kuhusu televisheni hoja ilikuwa wazi: ni anasa ya wachache wa mjini wenye umeme, na itazidi kupanua ufa kati ya mji na kijiji. Tukumbuke kwamba Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa na miaka saba tu, na lugha ya usawa ilikuwa bado ina moto.

Hapa ndugu msomaji atataka kujua nasimama upande gani. Nakiri kwamba hoja ile naiona kuwa ya haki kuliko nyingi zilizokuja baadaye. Angalau iliuliza: nani atafaidika? Ni serikali chache duniani zilizowahi kuuliza swali hilo kabla ya kununua mtambo. Lakini usawa wenyewe uligawiwa kutoka juu kama mgao wa sukari. Mwanakijiji aliyekatazwa televisheni kwa faida yake hakuulizwa. Na marufuku, kwa kawaida yake, haimpati kila mtu sawasawa. Wachache waliokuwa na seti zao mwambao wa Bara walinasa matangazo ya Unguja, na aliyekuwa na njia ya kusafiri nje aliona alichotaka kuona. Kabwela ndiye aliyebaki na usawa.

Tena tusidanganyane kwamba kukataa televisheni kulikuwa kukataa teknolojia. Redio ilikuwepo, nayo ilikuwa moja, Redio Tanzania Dar es Salaam, mali ya serikali. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Huo ni mfano mzuri sana wa mtambo kumtumikia mtu, nami siuonei haya kuusifu. Lakini mwaka huohuo, mwezi Novemba, ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri. Watu wakahamishwa, pengine kwa malori, pengine nyumba zao zikibomolewa ili wasirudi. Mwanakijiji alihitajika katika kujadili choo. Katika kujadili mahali pa kuishi hakuhitajika.

Milango ya ruksa

Mwaka 1986 serikali ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na awamu ya pili ya Mzee Mwinyi ikapata jina la Ruksa. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likayalegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na lile la Arusha, kiongozi akaruhusiwa hisa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Mwaka 1993 ikatungwa Sheria ya Utangazaji, na mwaka 1994 ITV ya Reginald Mengi ikaanza kurusha picha. Sanduku lililokuwa anasa miaka ishirini kabla, sasa likawa ushahidi kwamba taifa limeendelea.

Tuangalie hapa lugha, maana ndiyo kazi yetu. Habari za soko huria hupenda sentensi za aina mbili. Ya kwanza ni ile ambayo taifa ndilo mtenda: taifa limepiga hatua, taifa limeingia enzi mpya. Ya pili ni ya kauli ya kutendwa isiyo na mtenda: milango imefunguliwa, vibali vimetolewa, huduma zimeboreshwa. Nani kafungua? Kwa ajili ya nani? Nani alikuwa kasimama mlangoni na pesa mkononi tayari? Sarufi inamficha. Walimu wetu hutufundisha kwamba fani na maudhui haviachani, basi na hapa visiachane: sentensi isiyo na mtenda ni itikadi kamili.

Kwa maana mwaka huohuo wa 1993 hospitali za serikali nazo zilianza kutoza ada. Hilo halikusimuliwa kama sehemu ya hadithi moja na televisheni, ingawa ilikuwa hadithi moja. Mkono uliofungua mlango wa picha ndio uliofunga mlango wa tiba ya bure. Anayetazama matangazo ya biashara ya sabuni na soda sebuleni, na anayerudishwa dirishani kwa kukosa hela ya dawa, wote wawili ni matunda ya sera ileile. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Katika soko huria mgeni alikuja kweli, lakini waliopona walikuwa wenyeji baadhi.

Na je, serikali iliachia madaraka? Hata kidogo. Chini ya sheria ile mpya kituo cha binafsi hakikuruhusiwa kueneza matangazo yake zaidi ya robo ya nchi. Nchi nzima ilibaki kuwa ya chombo cha serikali, na mwaka 2000 serikali ikaanzisha televisheni yake, TVT, ambayo baadaye ikawa TBC. Kwa hiyo wale wanaodhani historia hii ni ya dola iliyorudi nyuma ili soko lisonge mbele wamesoma ukurasa mmoja tu. Soko lilipewa sebule. Dola ilibaki na ufunguo.

Usiku wa chenga

Sasa turudi kwa baba. Nchi za Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zilikubaliana mwaka 2006 kuhama kutoka mitambo ya analojia kwenda ya dijitali, na ukomo uliowekwa ulikuwa Juni 2015. Nchi za Afrika Mashariki zikajipangia kumaliza mapema zaidi, mwisho wa 2012. Tanzania ndiyo iliyotimiza. Dar es Salaam ilizimwa usiku wa mwaka mpya, na miji mingine ikafuata ndani ya mwaka 2013. Tukawa wa kwanza tena, kama Unguja ya 1973.

Sababu za kitaalamu zilikuwepo na sizibezi. Dijitali hubana matangazo mengi katika nafasi ndogo ya masafa, na masafa yaliyoachwa wazi yanaweza kutumika kwa simu na intaneti. Lakini swali linabaki palepale. Masafa yaliyookolewa yana thamani, na gharama ya kuyaokoa ilibebwa na nani? Ilibebwa na mwenye TV ya chogo, ambaye ghafla alitakiwa kununua king'amuzi ili aone kile alichokuwa akikiona jana bila kulipa. Mwenye nacho hakusikia kitu. Pengine alikuwa nacho king'amuzi tangu zamani kwa ajili ya mpira wa Uingereza.

Kwetu hela ya king'amuzi ilikuwa hela ya sukari na ya tuisheni yangu. Tulikaa miezi minne na chenga. Jioni nilikwenda kuchungulia dirishani kwa jirani na wenzangu, na ikifika saa mbili, wakati wa taarifa ya habari, pazia linashushwa. Jambo ninalolikumbuka zaidi ni kwamba baba, mtu aliyependa taarifa ya habari kuliko chakula, alianza kusema eti hapendi televisheni, inaharibu watoto. Nilikuwa mdogo nikamwamini. Sasa ndiyo naelewa kwamba umaskini humfanya mtu aseme hataki kile alichonyang'anywa. Hiyo haimo katika taarifa yoyote ya mafanikio ya dijitali.

Kusadikika na wajumbe wake

Shaaban Robert aliandika Kusadikika (1951) kuhusu nchi iliyoko angani, ambayo wajumbe wake hutumwa pande sita za dunia. Wajumbe hurudi na habari za manufaa ya kule walikotoka, na malipo yao yakawa gerezani. Karama, aliyeshtakiwa na Waziri Majivuno, anajitetea kwa kuzisimulia upya safari zao mbele ya mfalme na baraza. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama shambulio juu ya ukoloni, na ni sahihi. Lakini naona ina somo jingine. Watawala wa Kusadikika ni wajinga kwa namna moja: wanaiogopa habari, kwa hiyo wanamfunga mleta habari. Dola ya leo imeerevuka. Haimfungi mjumbe wa mtambo mpya, inampokea kwa mdundiko, kisha inaamua yeye aseme nini.

Ushahidi hauko mbali. Mwaka 2012 tuliambiwa dijitali italeta chaneli nyingi na picha safi. Januari 2016 waziri mwenye dhamana ya habari akalitangazia Bunge kwamba TBC haitarusha tena vikao moja kwa moja kama zamani, sababu ikiwa gharama. Wapinzani wakagoma, askari wakaingia ukumbini. Baada ya hapo wananchi wakapewa vipande vilivyorekodiwa. Jamani, picha ilikuwa safi kweli, ila kipindi ambacho mpiga kura alimwona mbunge wake akisema, au akisinzia, ndicho kilichopunguzwa. Mwaka 1974 tulinyimwa picha kwa sababu ya usawa. Mwaka 2016 tulipunguziwa kwa sababu ya gharama. Sababu zimebadilika kwa miaka arobaini na miwili, kitenzi ni kilekile.

Hitimisho

Kuna watakaosema kwamba makala hii inachukia maendeleo. La hasha. Naiandika kwenye kompyuta, kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka 1974 asingeruhusiwa kukiingiza nchini, na sitaki kurudi huko. Wala siwalinganishi wote waliofunga na waliofungua kana kwamba nia zao zilikuwa moja. Ninachosema ni kwamba nia njema na nia mbaya zilipita katika mlango uleule, na mlangoni hapo mkulima wa karafuu, mwanakijiji wa 1973 na baba Neema hawakuwahi kukutwa wakiulizwa lolote.

Hivyo basi nawapendekezea wahakiki wenzangu maswali matatu. Habari ya mtambo mpya ikija, iwe ya simu, ya kompyuta yenye akili au ya kitambulisho cha kidijitali, tuulize: nani mtenda aliyefichwa katika sentensi hii? Nani atalipa kabla hajafaidika? Na nani anatajwa kama mnufaika ilhali hajaulizwa? Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kazi ya uhakiki ni kumtafuta huyo asiyekuwepo na kulisoma lake.

Baba alinunua king'amuzi mwezi Mei 2013. Alikifunga mwenyewe, picha ikaja, akakaa kitini kutazama taarifa ya habari. Hakusema tena kwamba televisheni inaharibu watoto. Lakini swali lake bado halijajibiwa.