Magazeti mawili

Ukitaja neno "gazeti" kwa wazee wa hapa Gisenyi, wengi wanakumbuka Kangura. Wana haki. Lilianza mwaka 1990, mwenyewe ni Hassan Ngeze, mtoto wa huku huku, na Desemba ya mwaka ule likatoa zile "Amri Kumi" za chuki juu ya Watutsi. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha ilimpa kifungo cha maisha. Rufaa ya 2007 ikakishusha mpaka miaka 35.

Lakini kulikuwa na gazeti lingine, Kinyamateka, la Kanisa Katoliki, tangu 1933. Mwisho wa miaka ya 1980 liliandika juu ya njaa na juu ya wakubwa waliokula pesa za serikali. Padri Silvio Sindambiwe, aliyekuwa mhariri, alikufa barabarani mwaka 1989, na watu wengi hawakukubali kwamba ni ajali tu. Aliyemfuata, Padri André Sibomana, akapelekwa mahakamani mwaka 1990 pamoja na wenzake. Wakashinda.

Tuangalie vizuri. Aliyeuliza pesa alishtakiwa. Kangura nayo ilikuwa na marafiki jeshini na serikalini.

Baada ya 1994 sheria za kuzuia chuki zikawa kali, na aliyeona maiti katika mji huu hahitaji kuelezwa sababu. Shida ni pale sheria hizo zinapomkamata muulizaji. Agnès Uwimana wa gazeti Umurabyo, lililoandika pia juu ya rushwa, alihukumiwa miaka 17 mwaka 2011. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu yenyewe ikamfutia makosa ya mgawanyiko na ya kupunguza uzito wa jenosidi. Yakabaki kumchafulia rais jina na kuhatarisha usalama wa nchi: miaka 4.

Hata kambini tunaona hivyo. Mama anauliza mbona jina lake halimo kwenye orodha ya posho, anaambiwa analeta fujo. Vijana wenzangu, na ninyi wafanyakazi wa mashirika, tusichanganye mambo haya mawili. Kangura ilisema: huyu ni adui. Kinyamateka iliuliza: pesa zimekwenda wapi? Swali la namna hiyo halihitaji polisi wala jela. Linajibiwa kwa kufungua daftari la hesabu, watu wote wakaona.