Rangi Zinazosaidia Kusoma

Somo letu la leo ni historia ya rangi katika maandishi.

Mwalimu akitaka mlione kosa, hulipigia mstari kwa wino mwekundu. Maneno hubaki yaleyale, ila jicho hufika upesi mahali panapotakiwa. Desturi hii ni ya kale. Katika karne ya 18 na ya 19, waandishi wa Kurani wa Siyu, kisiwani Pate, pwani ya Kenya, walitumia wino mweusi pamoja na mwekundu.

Siku hizi kuna kompyuta. Kompyuta hufuata amri zilizoandikwa kwa lugha maalumu. Alama moja ikisahauliwa, kazi yote huweza kusimama. Je, mwandishi atalionaje kosa dogo kati ya mistari elfu?

Bwana Bram Moolenaar, Mholanzi, alitoa programu ya kuandikia, jina lake Vim, mwaka 1991. Mwaka 1998, katika toleo la 5.0, aliongeza rangi. Programu ina kanuni za lugha nyingi: amri zina rangi yake, maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu yana rangi nyingine, na maelezo ya mwandishi yana rangi ya tatu. Mtu akitaka rangi hizo, hufungua faili la mipangilio liitwalo vimrc, akaandika maneno mawili: syntax on. Akisahau kufunga alama za kunukuu, mara nyingi rangi yake huendelea mpaka mistari ya chini, naye huliona kosa mara moja. Lakini kompyuta yenyewe husoma herufi tu. Rangi ni msaada kwa jicho la mtu.

Sasa tuvuke ziwa. Mwaka 1994 Bwana Moolenaar alikwenda kujitolea katika mji mdogo wa Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Kazi yake ilikuwa ya maji na usafi. Huko aliwakuta watoto wengi ambao wazazi wao wamekufa kwa ukimwi.

Vim ilikuwa ya bure, naye hakuigeuza kuwa biashara. Aliomba tu kwamba kila aliyeipenda awachangie watoto wa Kibaale wapate kusoma. Ombi hilo aliliandika ndani ya programu yenyewe, watu wa nchi nyingi wakaliona walipoifungua. Bwana Moolenaar alifariki mwaka 2023.

Ndugu zangu, wahenga walisema: kutoa ni moyo, si utajiri.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Rangi humsaidiaje mwandishi kuona kosa?
2. Je, rangi hubadili maana ya maandishi?
3. Watumiaji wa Vim waliombwa wafanye nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.