Akiba Haiozi? Riba na Masharti ya Akaunti za Akiba, kutoka Ruthwell hadi Kampala

Utangulizi

Wahenga walisema akiba haiozi. Yumkini walifikiria chakula cha ghalani, wakimhimiza mtu asile vyote kwa siku moja. Anayesoma historia ya fedha ana haki ya kuuliza: je, akiba ya benki nayo haiozi? Mwanzoni mwa kila muhula, sisi wanafunzi wa Kampala tunapopokea fedha za matumizi huulizana benki ipi inatoa riba kubwa. Swali hilo ni zuri, lakini ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni masharti: riba huanza kuhesabiwa lini, kiasi gani cha fedha hakipati riba, ada ni kiasi gani, na benki ikianguka nani atalipa.

Katika insha hii nitalinganisha aina tatu za benki za akiba zilizoanzishwa Uingereza katika karne ya 19, kwa sababu aina ya tatu ndiyo iliyoletwa Afrika Mashariki na ukoloni. Kisha nitaitazama Uganda. Hoja yangu ni kwamba masharti ya akaunti huandikwa na yule anayebeba gharama. Kwa hiyo mweka akiba anayesoma asilimia peke yake husoma kile alichoahidiwa na kuacha kile alichodaiwa.

Ruthwell, 1810: riba ya tabia njema

Mwaka 1810 mchungaji Henry Duncan alianzisha benki ya akiba katika kijiji cha Ruthwell, kusini mwa Scotland. Wakati huo benki za kawaida hazikuwa na haja na senti za kibarua wa shambani. Duncan alikusanya vijisenti vya watu wengi na kuviweka kwa jumla katika benki kubwa, British Linen Company, iliyotoa riba ya asilimia 5.

Mwanachama wa kawaida alipata asilimia 4. Aliyetaka asilimia 5 kamili alitakiwa awe ameweka akiba kwa miaka mitatu, awe na zaidi ya pauni 5, na tena awe na sababu inayokubalika ya kutoa fedha zake, kama vile kuoa, ugonjwa, au kutimiza umri wa miaka 56. Asiyeweka angalau shilingi nne kwa mwaka alitozwa faini ya shilingi moja. Kabla ya kupokelewa, mtu aliulizwa habari za umri wake, familia yake na mwenendo wake.

Hapa tunaona kwamba riba ilitumika kama chombo cha malezi. Tofauti kati ya asilimia 4 na 5 haikutokana na soko, ilitokana na mawazo ya mchungaji kuhusu maskini mwema ni nani. Na gharama ilibebwa na nani? Na wale walioshindwa: aliyekosa shilingi nne alipoteza moja, na aliyetoa fedha zake mapema aliacha sehemu ya faida iliyozalishwa na akiba yake mwenyewe.

Sheria ya 1817: serikali yalipa, matajiri wafaidi

Mfano wa Ruthwell ulienea haraka. Mwaka 1817 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoelekeza kwamba fedha za benki za akiba zipelekwe kwa makamishna wa kupunguza deni la taifa. Huko zililipwa riba ya peni tatu kwa siku kwa kila pauni 100, yaani pauni 4, shilingi 11 na peni 3 kwa mwaka. Benki hizi zilisimamiwa na wadhamini, ambao kwa kawaida walikuwa mabwana wenye heshima wa mji husika, wasiolipwa mshahara.

Kiwango hicho kiliizidi riba ambayo serikali yenyewe ilipata baada ya vita vya Napoleon, faida ya hati zake ilipokuwa ikishuka. Hazina ikawa inapata hasara kila mwaka. Lakini masharti yalimruhusu mtu kuweka hadi pauni 100 katika mwaka wa kwanza na pauni 50 kila mwaka uliofuata. Kibarua gani wa wakati ule angeweza kuweka pauni 100? Wenye nafasi waligundua mlango huo wakauingia, wengine kwa majina ya watoto wao. Mpango uliotangazwa kuwa wa maskini ukawalisha wasio maskini.

Mwaka 1828 masharti yalibanwa. Mwekaji hakuruhusiwa kuzidisha pauni 30 kwa mwaka wala pauni 150 kwa jumla, na riba yake haikuweza kuzidi pauni 3, shilingi 8 na peni 5 na robo kwa kila 100. Mwaka 1844 kiwango cha juu kilishushwa tena hadi pauni 3 na peni 10.

Sheria hiyo ya 1844 ilikuwa na sharti jingine ambalo mwekaji wa kawaida hakulitambua. Mdhamini hakuwajibika kwa upotevu isipokuwa kwa kiasi alichokubali mwenyewe kwa maandishi. Serikali nayo iliwajibika kwa fedha zilizowafikia makamishna tu. Fedha zilizoibwa kabla ya kufika huko hazikuwa na mwenyewe. Mwaka 1849, katika mji wa Rochdale, mtendaji wa benki ya akiba, George Haworth, alifariki, na vitabu vilipokaguliwa ikaonekana zimepotea takriban pauni 71,000. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba walikuwa wakisoma riba ya karibu asilimia 3 katika vitabu vyao, ilhali fedha zenyewe hazikuwepo.

Posta, 1861: riba ndogo, dhamana kubwa

Baada ya kashfa za aina hiyo, William Gladstone, waziri wa fedha, alifanikisha sheria ya Benki ya Akiba ya Posta. Wazo lilikuwa limetolewa na Charles William Sikes, mfanyakazi wa benki wa Huddersfield. Ofisi za kwanza zilianza kupokea akiba tarehe 16 Septemba 1861.

Riba ilikuwa asilimia 2.5 tu, yaani chini ya ile ya benki za wadhamini. Mtu aliweza kuanza na shilingi moja. Kikomo kilibaki pauni 30 kwa mwaka na pauni 150 kwa jumla. Tofauti kubwa ilikuwa dhamana: serikali iliwajibika kwa kila peni tangu ilipopokelewa dirishani. Tena mtu aliweza kuweka fedha katika posta moja na kuzitoa katika nyingine, wakati benki nyingi za wadhamini zilifunguliwa saa chache tu kwa wiki.

Hata hivyo masharti madogo yanastahili kusomwa polepole. Riba ilikuwa nusu peni kwa mwezi kwa kila pauni nzima. Aliyekuwa na shilingi 19 mwaka mzima hakupata chochote, kwa sababu pauni moja ni shilingi 20. Riba ilianza siku ya kwanza ya mwezi uliofuata siku ya kuweka, na ilikoma mwisho wa mwezi uliotangulia siku ya kutoa. Chukua mtu aliyeweka pauni 1 tarehe 3 Januari. Hesabu yake ilianza Februari, na mwisho wa mwaka alipata peni 5 na nusu badala ya 6. Kwa mwenye pauni 100 upungufu huo ni mdogo. Kwa mwenye akiba inayoingia na kutoka kila mwezi, riba halisi ilikaribia sifuri.

Serikali haikufanya hisani tupu. Iliweka fedha hizo katika hati zake zilizozaa takriban asilimia 3 na kumpa mwekaji 2.5. Gladstone alitaka pia hazina ipate chanzo cha fedha kisichotegemea mabenki makubwa ya London. Maskini akawa mkopeshaji wa dola.

Kulinganisha: pauni 10 kwa mwaka mmoja

Tukichukua pauni 10 zilizokaa mwaka mzima bila kuguswa, matokeo ni haya:

Ruthwell, mwanachama wa kawaida: shilingi 8.
Ruthwell, aliyetimiza masharti yote: shilingi 10.
Benki ya wadhamini, kiwango cha juu baada ya 1828: takriban shilingi 6 na peni 10.
Benki ya wadhamini, kiwango cha juu baada ya 1844: takriban shilingi 6 na peni 1.
Benki ya Posta, 1861: shilingi 5.

Kwa orodha hii peke yake, Posta ni ya mwisho. Lakini ndiyo iliyokua kuliko zote, na asilimia yake 2.5 ilidumu kwa zaidi ya miaka 100. Wafanyakazi hawakuwa wajinga wa hesabu. Mkazi wa Rochdale alijua kwamba peni 13 za ziada kwa mwaka hazilipi hatari ya kupoteza pauni 10. Tofauti kati ya shilingi 5 na shilingi 6 ilikuwa bei ya kulala usingizi, naye akaamua kuilipa.

Mfumo wafika Afrika Mashariki

Mfumo huu wa posta ulifuata bendera ya Uingereza. Kenya ilipata benki ya akiba ya posta mwaka 1910, Tanganyika mwaka 1925 na Uganda mwaka 1926. Kitabu cha akiba, dirisha la posta na dhamana ya serikali vilifanana na vya Uingereza. Lakini jambo moja lilibadilika. Fedha za makoloni ziliwekezwa kwa kiasi kikubwa katika hati za London. Mkulima wa pamba wa Busoga aliyeweka shilingi zake posta aliisaidia serikali ambayo hakuipigia kura, na mkopo wa kununulia jembe la kukokotwa na ng'ombe hakuupata katika dirisha hilohilo. Dhamana ilikuwa ya kweli, ila matumizi ya fedha yake yalikuwa mbali naye.

Lugha yetu nayo ina la kusema. Kiswahili kilichukua neno riba kutoka Kiarabu, ambako ndilo jina la ziada iliyokatazwa na Uislamu. Kwa hiyo tangazo la benki linalojivunia riba kubwa humvutia msomaji mmoja na kumfukuza mwingine. Misri ilikutana na tatizo hilo mwanzoni mwa karne ya 20, baadhi ya waweka akiba wa posta walipokataa kupokea riba, na suala likafika kwa mufti Muhammad Abduh. Kwa mwekaji wa namna hiyo asilimia haina uzito wowote. Anachonunua ni usalama peke yake.

Uganda: asilimia inayodanganya

Baada ya uhuru, hatari ilibadilika sura. Benki Kuu ya Uganda ilianzishwa mwaka 1966, na shilingi ya Uganda ikatolewa mwaka huohuo. Katika miaka ya 1980 bei zilipanda kupita kiasi, na mfumuko wa mwaka 1987 ulizidi asilimia 100. Mwezi Mei 1987 serikali ilitoa shilingi mpya, moja kwa 100 za zamani, pamoja na ada ya ubadilishaji ya asilimia 30. Kuondoa sifuri mbili kwenyewe hakumwibii mtu, kwa kuwa bei nazo huondolewa sifuri mbili. Kilichoiozesha akiba ni kupanda kwa bei kwa miaka mingi, huku riba ikiwa chini sana ya mfumuko. Benki haikuanguka wala karani hakuiba. Kitabu kilionyesha ongezeko, na sokoni fedha ileile ilinunua kidogo zaidi kila mwezi.

Miaka ya 1990 ilileta uhuru wa benki kupanga riba zake. Ikaleta pia funzo la Rochdale kwa mara ya pili: International Credit Bank ilifungwa mwaka 1998, kisha Greenland Bank na Cooperative Bank mwaka 1999. Benki ya akiba ya posta ilifanywa kampuni, PostBank Uganda, mwaka 1998. Leo Mfuko wa Kulinda Amana humfidia mwekaji hadi shilingi milioni 10 kwa benki moja, kiwango kilichopandishwa kutoka milioni 3 mwaka 2019. Huo ndio urithi wa 1861, ingawa sasa una kikomo.

Tufanye hesabu ya mfano. Mwanafunzi ana shilingi 200,000 katika akaunti yenye riba ya asilimia 3. Kwa mwaka anapata shilingi 6,000. Kodi ya zuio ya asilimia 15 huchukua 900, zinabaki 5,100. Ikiwa ada ya akaunti ni shilingi 1,000 kwa mwezi, hizo ni 12,000. Mwisho wa mwaka ana shilingi 193,100, hata kabla hatujautaja mfumuko wa bei. Mwenzake aliye katika akaunti isiyo na riba wala ada bado ana 200,000. Ukiuliza nani alichagua riba kubwa, ni wa kwanza. Ukiuliza akiba ya nani imeoza, ni yake pia.

Hitimisho

Historia hii ya miaka zaidi ya 200 inaonyesha mambo matatu. Kwanza, riba kubwa daima ina mlipaji: huko Ruthwell alikuwa mwanachama aliyeshindwa, mwaka 1817 ilikuwa hazina, na katika akaunti ndogo za leo ni mweka akiba mwenyewe kupitia ada. Pili, maskini mara nyingi wamechagua usalama kuliko asilimia, na uchaguzi huo ulikuwa wa busara. Tatu, dhamana dhidi ya wizi na kufilisika haimlindi mtu dhidi ya mfumuko wa bei.

Kwa hiyo tunapolinganisha akaunti, tuulize maswali kwa utaratibu huu: nani anadhamini na hadi kiasi gani, ada kwa mwaka ni ngapi, riba inahesabiwa juu ya kiasi gani na kuanzia siku gani, na bei sokoni zinapanda kwa kasi gani. Asilimia iliyoandikwa kwa herufi kubwa ukutani iwe swali la mwisho. Wahenga hawakukosea waliposema akiba haiozi, lakini hata ghala huhitaji kukaguliwa mara kwa mara.