Tembe

Mgogo na Mnyamwezi hawahitaji kuelezwa tembe: nyumba ya miti na udongo, paa lake bapa. Kenya neno hilo hilo ni kidonge cha dawa, lakini leo nashughulikia nyumba.

Tembe linalotajwa zaidi liko Kwihara, karibu na Tabora. Mwaka 1871 alikaa humo Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akienda Ujiji kumtafuta mvumbuzi David Livingstone. Vita vya mtemi Mirambo vilifunga njia ya Ujiji, ikabidi azungukie kusini. Februari 1872 alirudi pamoja na Livingstone, akamwacha pale Machi. Mzee alingoja wapagazi kutoka pwani hadi Agosti.

Leo ni makumbusho, nayo watu huiita nyumba ya Livingstone. Mimi nalipenda zaidi jina la tembe, maana linawataja mafundi wa Unyamwezi. Oktoba 1873, baada ya Livingstone kufariki, watumishi wake Susi na Chuma walifika Unyanyembe, eneo lenye Kwihara, na mwili wake, wakashauriwa wauzike huko. Walikataa, wakaendelea na safari hadi Bagamoyo.